Hataza za Kijapani za vinu vya mpunga: tafsiri ya Kiingereza inanificha ninachotafuta

karakana_bugiri

Wadau, habari za kazi. Karakana yetu ya Bugiri, Uganda, inaunda kinu cha kukobolea mpunga cha rola mbili za raba, chenye utaratibu wake wa kurekebisha pengo la rola raba inapolika. Tunataka kuuombea yutiliti modeli (ulinzi wa uvumbuzi mdogo, mdogo wake hataza) pale URSB, ofisi ya usajili ya Uganda. Kabla ya kulipa chochote tunapekua kama kuna aliyetangulia, na kwa vinu vya mpunga huwezi kuziruka hataza (hati za kulinda uvumbuzi) za Japani.

Nimeanza na Espacenet, kitafutio cha bure cha hataza cha Ulaya, nikaandika kwa Kiingereza rice, huller, rubber roll, gap. Yametoka machache mno. Nikafungua moja moja na kubofya tafsiri, nikaona mashine ileile inaitwa "huller" hapa, "husking machine" pale, na kwingine rola zimeitwa "removing rolls". Kibaya zaidi, neno "rice" linatumika kwa kinachoingia na kwa kinachotoka, hata sijui kama nasoma habari za mpunga au za mchele.

Maswali yangu: nitumie maneno gani ili yasinipite? Tafsiri ya kompyuta niiamini kiasi gani? Na hizi za miaka ya 1980 zinazofunguka kama picha ya karatasi tu, bila maandishi, nazifanyaje?

---

msimbo_kwanza

Ndugu, usianze na maneno, anza na msimbo wa uainishaji, ule unaopanga hataza kwa aina ya kifaa. Anayeainisha hataza ya Kijapani anasoma Kijapani chenyewe, kwa hiyo msimbo hauharibiwi na mfasiri. Kukoboa kwa rola ni B02B 3/04 katika uainishaji wa kimataifa. Wajapani wana tabaka mbili za ziada: FI, inayoongeza tarakimu au herufi mwishoni mwa msimbo huohuo, na F-term, inayotazama mashine kwa pande nyingi kwa wakati mmoja. Mada ya F-term inayokuhusu ni 4D043, usindikaji wa nafaka.

Ingia J-PlatPat, tovuti ya bure ya hataza za Japani, chagua ukurasa wa Kiingereza, ufungue PMGS, sehemu ya kutafutia misimbo. Andika 4D043 na usome orodha yote kwa utulivu, ina maelezo ya Kiingereza. Kila msimbo kamili una alama tisa: tano za mada, herufi mbili za upande unaotazamwa, tarakimu mbili za kipengele. Chagua vinavyogusa rola na urekebishaji, kisha uviunganishe na FI ya B02B 3/04.

Ukishapata lundo la maana, ndipo uingize maneno, tena kwa Kijapani. Nakili tu, huhitaji kujua kuyasoma:

籾 ni mpunga. 玄米 ni mchele uliotoka kukobolewa, bado wa kahawia. 白米 ni mchele mweupe. 籾殻 ni kumvi.

Kukoboa kuna maandishi mengi na hapo ndipo wengi hukwama: 籾摺, 籾摺り, 籾すり, もみすり, na 脱ぷ. Hilo la mwisho lishike sana. Herufi yake ya pili asilia ni 稃, kumvi, lakini si ya matumizi ya kawaida, ndiyo maana wanaandika sauti yake tu, ぷ. Mfasiri akikutana na herufi ya kwanza inayomaanisha kuondoa, na sauti isiyo na maana peke yake, anatoa "removing". Hizo "removing rolls" zako ni 脱ぷロール, rola za kukobolea, kitu kilekile unachotafuta.

Rola: ロール, ローラ na ローラー. Kistari cha mwisho kinatosha kukukosesha hati, kwa hiyo weka zote tatu. Pengo: 間隙, 隙間, ギャップ. Kurekebisha: 調節 na 調整. Springi: ばね, バネ, スプリング.

Katika J-PlatPat upande wa Kijapani, maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi ndani ya kisanduku kimoja yanasomwa kama "au", na visanduku viwili vinaunganishwa kwa "na". Basi kisanduku cha kwanza weka familia yote ya rola, cha pili familia ya pengo, cha tatu familia ya kurekebisha. Tafuta kwanza ndani ya madai (sehemu inayotaja kinacholindwa), 請求の範囲, kisha rudia katika maandishi yote, 全文. Ukianza na maandishi yote, kila kinu kilichowahi kutaja rola kitakujia.

Ukiona uzito na Kijapani, PATENTSCOPE ya WIPO, shirika la dunia la hakimiliki ubunifu, ina kitafutio cha CLIR: unaandika Kiingereza, kinapanua visawe na kuvigeuza kuwa lugha nyingine, Kijapani kikiwemo. Kinafaa kukusanya visawe, lakini kabla ya kubofya soma kilichochagua, maana kwa neno kama "gap" kinaweza kuleta mapengo ya aina isiyokuhusu.

---

mpunga_si_mchele

Naongeza kwenye swali la pili, la kuiamini tafsiri.

Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Mjapani ana 籾, 米 na 飯. Mwingereza ana "rice" kwa vyote vitatu. Kwa hiyo tofauti ambayo wewe na mwandishi wa hataza nyote mnaijua inapotea njiani, kwenye Kiingereza. Kila unapokutana na "rice" kwenye sentensi yenye uzito, rudi kwenye maandishi ya Kijapani uangalie ni herufi ipi. Ukiiona 籾, ni mpunga. Ukiiona 玄米, imeshapita kwenye rola.

Chukua sentensi ya aina hii, ya kawaida kabisa katika hati hizi:

籾は一対の脱ぷロール間で脱ぷされ、玄米と籾殻との混合物となって風選部へ落下する。

Tafsiri dhaifu itakupa: "The rice is removed between a pair of removing rolls and falls to the wind selection part as a mixture of unpolished rice and chaff." Mtu anaweza kudhani mchele unaondolewa mashineni. Kumbe: mpunga unakobolewa kati ya rola mbili, unakuwa mchanganyiko wa mchele wa kahawia na kumvi, kisha unadondoka kwenye sehemu ya kupepetea kwa upepo. Hiyo sehemu ya kupepetea katika hati nyingine inaitwa 唐箕. Herufi ya kwanza ni jina la Uchina ya kale, ya pili ni ungo, na mfasiri akizitenganisha utasoma neno lisiloeleweka katikati ya mashine yako.

Njia ya kujilinda: kabla ya kusoma maelezo, shuka hadi sehemu yenye kichwa 【符号の説明】. Ni orodha ya namba za kwenye mchoro na jina la kila kifaa. Itafsiri hiyo peke yake, weka mchoro pembeni, linganisha namba kwa namba. Kama 5 kwenye mchoro ni wazi kuwa springi na tafsiri inasema "bullet", umeshajua kosa: 弾 ya 弾性, unyumbufu, ni herufi ya risasi pia. Sahihisha orodha yako kwanza, ndipo usome hati. Baadhi ya hati hazina sehemu hiyo, na hapo utaitengeneza mwenyewe kutoka kwenye maelezo, kwa sababu namba hufuata jina la kifaa kila linapotajwa.

Jambo la hatari kuliko yote ni kukanusha. Kijapani huweka "si" mwisho kabisa wa sentensi, na dai moja linaweza kujaza nusu ukurasa bila nukta. Tafsiri inaweza kuudondosha ukanushi au kuupachika kwenye kitenzi kingine, ukasoma kwamba rola inasogea wakati imeandikwa haisogei. Kata sentensi penye 、 utafsiri vipande, na utafute ない, ず na なく kwa macho. Pitisha aya ileile kwenye mashine mbili, ile ya J-PlatPat na Patent Translate ya Espacenet. Zikipingana, hapo ndipo pa kumlipa msomaji wa Kijapani, kwa aya hiyo tu, si hati nzima.

Na kabla ya jasho lote hili, bofya familia ya hataza kwenye Espacenet. Ikiwa uvumbuzi huo uliombwa pia Marekani, Ulaya au kwa njia ya PCT (ombi moja la kimataifa kwa nchi nyingi), huenda Kiingereza kilichoandikwa na binadamu kipo tayari.

---

picha_za_zamani

Kuhusu karatasi za miaka ya 1980. Hati za Japani zilianza kuchapishwa kama maandishi ya kompyuta 1993. Za kabla ya hapo nyingi utazikuta kama picha. Ikisiri (muhtasari) za Kiingereza za hataza za Japani, zile za PAJ, zinarudi nyuma hadi 1976, lakini ni za maombi ya hataza tu. Yutiliti modeli za zamani hazimo, na utaratibu wa springi au skrubu kama wenu ndio hasa ulioombewa yutiliti modeli. Usiziache. Alama zake ni 実開 au 実公 mwanzoni mwa namba, na herufi U au Y katika mfumo wa kimataifa. Tumia FI na F-term, kisha pitia michoro moja baada ya nyingine. Fundi anaona pengo linavyorekebishwa kwa sekunde chache.

Namba za maombi yaliyochapishwa kabla ya 2000 zinafuata mwaka wa mfalme. Shōwa ongeza 1925, Heisei ongeza 1988. 昭55 ni 1980, Espacenet huiandika JPS55. 平5 ni 1993, JPH05.

Kusoma picha kwa programu ya OCR, inayogeuza picha kuwa maandishi: ukurasa una safu mbili, kata safu moja kwanza. Ukiipa ukurasa mzima, mistari ya kushoto na kulia inaungana. Chagua lugha ya Kijapani, picha iwe angalau nukta 300 kwa inchi. Kisha tafuta makosa haya: ロ ya "rola" inafanana kabisa na 口, mdomo, kistari ー kinasomwa kama 一, yaani moja, ぷ inageuka ぶ kwa sababu kiduara kimefifia. Ndiyo maana tafsiri inaleta midomo ndani ya kinu. Badilisha hizo tatu kwa mkono ndipo utafsiri.

---

karakana_bugiri

Asanteni sana. Kwa 脱ぷ pekee nimepata hati ambazo Kiingereza hakikunionyesha. Moja ya miaka ya 1980 ina springi na skrubu kama yetu, ila ya kwetu inasogeza rola zote mbili. Imeshaisha muda. Tunaruhusiwa kuunda? Na cheti cha yutiliti modeli je?

---

msimbo_kwanza

Ni maswali mawili, ndugu, usiyachanganye. Kuunda: hataza ya Japani haina nguvu Uganda isipokuwa mwenyewe aliomba URSB, au kupitia ARIPO, shirika la hakimiliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, akaitaja Uganda. Iliyoisha muda ni ya wote. Cheti: hati hiyo, hata imekufa, bado inahesabika kama iliyotangulia, popote ilipochapishwa. Kwa hiyo dai lenu lisimame juu ya rola zote mbili kusogea na faida yake, mfano mstari ambao mpunga unadondokea kubaki katikati rola zinapopungua kipenyo. Rola yenye mwendo wa kasi hulika kuliko mwenzake, kwa hiyo elezeni pia zinasogea sawa au kwa viwango tofauti.

Sasa pekueni upya kwa wazo hilo tu: 両ロール (rola zote mbili) na 双方 (pande zote mbili) pamoja na 移動 (kusogea). Mkipata hataza ya Kijapani iliyotolewa, tazameni ukurasa wake wa kwanza penye 【参考文献】. Ni orodha ya hati alizotumia mkaguzi wa Japani, na namba zake zinasomeka bila tafsiri yoyote. Fuateni kila moja.

Kwenye faili wekeni mchoro asilia, aya ya Kijapani, tafsiri yake, jina la mashine iliyotafsiri na tarehe. Tafsiri za J-PlatPat na Espacenet hubadilika mfumo unapoboreshwa, na mwakani aya ileile inaweza kusomeka tofauti.