Nimekusanya visa 61 mwaka mzima, naambiwa "haya ni malalamiko". Nimekosea wapi?

Mshika_Daftari:

Wakuu salaam. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Tuko watu saba, wote wa kujitolea. Tulianza baada ya mkutano mmoja kutawanywa kwa mabomu ya machozi na mwenzetu kulala mahabusu siku tano bila kufikishwa mahakamani. Tukasema haya yasipoandikwa, mwakani tutaambiwa hayakutokea. Mwandiko unaosomeka ni wangu, basi daftari nikakabidhiwa mimi. Mwaka umeisha, nina visa 61: vipigo, kamatakamata, waandishi kunyang'anywa kamera, watu wawili kuchukuliwa usiku na gari lisilo na namba.

Wiki iliyopita tukalipeleka kwenye shirika moja linaloandaa taarifa ya kwenda Umoja wa Mataifa. Dada aliyetupokea alifunua kama kurasa nane hivi, akalifunga taratibu. "Mmefanya kazi kubwa. Ila haya ni malalamiko, siwezi kuyatumia."

Mfano wa nilivyoandika ni huu:

"Tarehe 9, jioni. Polisi waliwavamia vijana wasio na hatia na kuwapiga kinyama. Mmoja alivunjwa mkono. Wananchi wana hasira sana."

Kila neno hapo ni kweli. Nilikuwepo! Sasa kasoro iko wapi? Na picha na video ninazo zaidi ya 200, nyingi nilirushiwa WhatsApp.

Jingine. Kuna mambo yasiyo na damu: ukumbi tulionyimwa dakika za mwisho, barua ya usajili isiyojibiwa, redio iliyoacha ghafla kutualika. Haya sikuyaandika, niliyaona madogo. Nilikosea?

---

Mzee_wa_Mafaili:

Pole na hongera, mdogo wangu. Daftari langu la kwanza nalo lilirudishwa, tena hakuna aliyelifunga taratibu.

Tuanze na kisa chako. Tarehe 9 ya mwezi gani? Jioni ni saa kumi au saa moja? "Polisi" uliwajua kwa nini: sare, gari, au kwa kuwa nani mwingine angefanya vile? Walikuwa wangapi? "Wasio na hatia" ni hukumu, na wewe si hakimu. "Kinyama" ni hisia yako, ni halali yako, lakini msomaji wa mbali haimsaidii kitu. Mkono ulivunjika kwa mujibu wa nani? Na hiyo hasira ya wananchi, ifute.

Sasa ona. Nabuni mimi, wewe utaweka ulichokiona:

"Tarehe 9 Machi, saa 10:20 jioni kwa saa ya simu yangu. Nimesimama ghorofa ya kwanza, dirisha linalotazama barabara, umbali kama mita 30. Niliona wanaume sita wenye sare ya bluu na kofia ngumu wakishuka kwenye gari la wazi. Wawili walimpiga kwa virungu kijana mwenye fulana nyekundu. Nilihesabu mapigo manne, matatu mgongoni na moja mkono wa kushoto, kisha watu wakaniziba nisione. Kijana hakuwa ameshika kitu. Saa 10:26 gari liliondoka naye. Kesho yake shahidi wa 3 aliniambia mkono umevunjika. Karatasi ya hospitali sijaiona."

Hilo "sijaiona" ndilo litakalomfanya mtu akuamini kwenye mengine yote. Gawa ukurasa mara tatu: niliyoona, niliyoambiwa na nani, ninayodhani. Safu ya tatu haimhusu mtu wa nje, ni yako ya kufuatilia. Shirika la HURIDOCS, linalosaidia watetezi wa haki kutunza kumbukumbu, lililoanzishwa 1982, lilijenga fomu zake zote juu ya swali moja: nani alimfanyia nani nini. Hata bila kompyuta, swali hilo linatosha.

Nikupe kosa langu mwenyewe. Kuna mwaka niliandika kwamba watu 14 walipakiwa kwenye karandinga. Walikuwa 11. Watatu niliwaandika mara mbili: mtu ana jina la kitambulisho, ana la mtaani, na mama yake anamwita jina la tatu. Taarifa ilipotoka, msemaji wa upande wa pili akasimama na orodha yangu mkononi, akauliza hawa watatu wako wapi awaone. Wale 11 walikamatwa kweli, wawili walitoka wakichechemea. Lakini siku ile nzima mjadala ulikuwa juu ya watatu ambao hawakuwepo. Tangu hapo kila mtu kwangu ana namba moja, na majina yake yote yanakaa chini ya namba hiyo.

Sasa hayo uliyoyaita madogo. Hapo ndipo nisipokubaliana nawe kabisa, na samahani nitarefusha.

Uhuru wa watu mara nyingi hauondolewi kwa risasi. Unaondolewa kwa barua ya aya mbili yenye muhuri, au kwa kutojibiwa barua. Anayepigwa ana jeraha la kuonyesha, aliyenyimwa ukumbi ana nini? Ana karatasi, kama aliitunza. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 21, unasema kukusanyika kwa amani kunaweza kuwekewa mipaka iliyo kwenye sheria tu, na iwe ya lazima kwa mambo machache yaliyotajwa, kama usalama wa umma au haki za wengine. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla namba 37, ikasema wazi kwamba utaratibu wa kutoa taarifa usigeuzwe kuwa utaratibu wa kuomba ruhusa. Kwa hiyo barua ya "hamruhusiwi kwa sababu za kiusalama" bila kueleza usalama gani ni ushahidi kamili. Itunze pamoja na bahasha yake.

Wakikunyima kwa simu, jioni hiyohiyo waandikie: "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo saa tano asubuhi, ambapo mlitueleza kwamba ukumbi hautapatikana tena…" Peleka, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakijibu, umepata maelezo yao. Wakinyamaza, una muhuri na ukimya wao wa siku 60. Mimi nina faili zima la barua zisizojibiwa, na ndilo faili lililotumika kuliko yote.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi: waandike na walioruhusiwa. Ukininyima ukumbi mara tisa, unaweza kusema ni ukarabati. Lakini nikionyesha kwamba katika miezi hiyohiyo, ukumbi huohuo, kundi linaloisifu serikali liliingia mara nne, ukarabati umekwisha. Usiponiandikia hizo nne, hizo tisa zinabaki bahati mbaya. Tarehe, nani aliomba, kwa shughuli gani, alijibiwa nini, baada ya siku ngapi. Jedwali la kuchosha kama la karani wa ghala. Lakini ukilisoma kuanzia juu hadi chini unaona mlango unavyofungwa, inchi kwa inchi.

---

Zamu_ya_Usiku:

Mimi ni muuguzi, nitasema la majeraha tu.

Piga picha tatu: ya mwili mzima, ya sehemu ya mwili, kisha ya jeraha lenyewe likiwa na rula au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Michubuko hubadilika rangi na mingine hujitokeza baada ya siku moja au mbili, basi rudi upige tena. Usiandike "alama ya kitako cha bunduki". Andika "mchubuko wa sentimita 12 kwa 3, bega la kulia, anasema alipigwa kwa kitako cha bunduki". Kusema alama inaoana au haioani na maelezo ni kazi ya daktari. Wana mwongozo wao, Itifaki ya Istanbul ya 1999 iliyohuishwa 2022, na ina ngazi kuanzia "haioani" mpaka ile ya alama isiyoweza kuwa na chanzo kingine.

Na tafadhali, msimhoji mtu aliyeteswa mara nne kwa sababu mko saba na kila mmoja anataka kusikia. Nimewaona wakitetemeka upya kila mara. Ahojiwe na mmoja, pa faragha, aambiwe anaweza kukataa swali lolote, na aulizwe kama amekula dawa na kama amelala.

---

Fundi_wa_Biti:

Mkuu, hizo 200 za WhatsApp nyingi zimeshapungua thamani. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa, na data zilizomo ndani ya faili (saa, aina ya simu, pengine mahali) zinaondolewa. Mtafute aliyepiga, mwambie akutumie kama dokyumenti, au uchukue moja kwa moja kutoka kwenye simu yake. Faili halisi usiliguse, usilikate, usiliongezee mwanga. Fanyia kazi nakala. Siku unayolipokea litengenezee alama ya SHA-256, yaani herufi na tarakimu 64 ambazo programu huzikokotoa kutoka kwenye faili lenyewe, uiandike daftarini. Mtu akibadilisha hata nukta moja, alama inakuwa nyingine kabisa. Kuna programu za simu zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Tella na eyeWitness to Atrocities.

Usitegemee video ibaki mtandaoni. Mwaka 2017 YouTube ilifuta maelfu ya video za vita vya Syria kwa sababu mashine yake ilizidhania propaganda. Na mwaka huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikatoa hati ya kumkamata kamanda Mahmoud al-Werfalli wa Libya, kwa sehemu kubwa kutokana na video zilizowekwa mitandaoni. Kwa hiyo pakua kwanza, laumu baadaye. Viwango vya kazi hii vimeandikwa kwenye Itifaki ya Berkeley ya 2020.

Na zile ambazo mpigaji hajulikani usizitupe. Ile video ya Cameroon ya wanawake wawili na watoto wawili kupigwa risasi ilisambaa 2018, serikali ikaikana. Waandishi wa BBC wakalinganisha mgongo wa milima ulioonekana nyuma na picha za satelaiti, wakapima vivuli, wakapata mahali na majuma yenyewe ya 2015. Mwaka 2020 askari wanne wakahukumiwa miaka 10 kila mmoja. Mlima ndio uliotoa ushahidi. Kwa hiyo ukipiga, usikaze kwenye uso wa mtu tu, zungusha simu taratibu tuone nguzo, mabango, kona.

Tovuti zikifungwa, endesha programu ya OONI Probe, inaweka rekodi ya tarehe na mtandao uliozuia. Lakini mjue matokeo yanawekwa hadharani, na kuna mahali kuwa nayo kwenye simu kunaweza kumletea mtu matatizo.

---

Wakili_Mstaafu:

Ndugu, wenzangu wamekufundisha kuandika vizuri. Mimi nina swali moja: daftari hilo liko wapi usiku huu?

Kama lina majina kamili ya mashahidi wa visa 61, basi umewaandalia watu wabaya orodha ya kukamata. Leo, si kesho, tenga vitu viwili. Daftari la visa liwe na namba tu. Orodha ya namba na majina ikae mahali pengine, kwa mtu mwingine, na ikiwa ya kielektroniki ifungwe kwa nenosiri refu. Mkiwa saba, si lazima wote saba wajue.

Kila shahidi aulizwe mambo matatu tofauti: naweza kuandika? naweza kumpa mwanasheria? naweza kuchapisha? Mtu anaweza kukubali la kwanza na kukataa la tatu. Na anaweza kubadili mawazo baada ya mwezi, usimnung'unikie.

Kuhusu pa kupeleka: Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Kuzuiliwa Kiholela, kilichoundwa 1991, hupokea kesi ya mtu mmoja mmoja bila kudai kwanza mmalize mahakama za nchini. Wale wawili waliochukuliwa usiku kesi yao inaweza kupelekwa kwenye kikundi kingine cha Umoja wa Mataifa, kinachoshughulikia watu waliotoweshwa, kipo tangu 1980, ila familia iwe imekubali. Mapitio ya Umoja wa Mataifa ya hali ya haki za binadamu ya nchi, yale ya kila baada ya miaka minne na nusu au zaidi, hupokea taarifa za asasi pia, lakini asasi moja inapewa maneno 2,815 tu. Ndiyo maana yule dada hakuwa na nafasi ya "kinyama".

---

Mshika_Daftari:

Shikamoo Mzee wa Mafaili, asanteni wote. Sikujibu siku tatu kwa sababu nilikuwa narudia daftari tangu ukurasa wa kwanza.

Wakili, sitasema lilikuwa wapi, naona aibu. Limehamishwa.

Katika visa 61, nilivyoviona kwa macho yangu ni 23. Sikuwa najua! Nilishazoea kusimulia vyote kana kwamba nilikuwepo. Vilivyobaki, 30 nina msimulizi ninayeweza kumrudia, na 8 sijui hata nilivisikia kwa nani. Hivyo nane nimeviweka kando kwenye karatasi nyingine, havina namba.

Mama mmoja ameomba kisa cha mwanawe kisiende popote kwa sasa. Nimemwambia sawa. Nilitaka kumbembeleza kidogo, nikakumbuka neno la wakili.

Mzee, kile kisa cha tarehe 9 nimekiandika upya, na kumbe makadirio yako hayakuwa mbali. Askari niliowaona ni watano. Fulana haikuwa nyekundu, ilikuwa ya kijani, nimeikuta kwenye video moja ambayo aliyepiga ni jirani yangu, na faili lake halisi bado analo. Virungu niliona viwili. Mkono ni wa kulia. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, si ghorofani, kwa hiyo gari lilipogeuka sikuliona nyuma. Pale pa namba ya gari nimeandika "sikuiona".

Kesho naenda kuomba kitabu cha kumbukumbu za ukumbi. Nikinyimwa, barua ninayo tayari, imebaki kujaza saa.