Shemeji anataka niingie ku kampani yao ya kuleta watu, nifanye je?

Binti_wa_Ndosho
Jambo bayaya na bapapa wa hapa. Niko na swali, munijibu bila kunicheka. Shemeji yangu, ule mwenye alioa dada yangu mukubwa, ananisukuma tangu mwezi wa tano niingie ku kampani yao ya kahawa, dawa ya meno na vitu vya afya. Unalipa dola 280, banakupatia karto moja na namba, kisha unaleta watu 6, na kila mutu analeta 6 yake, anasema mu mwaka moja nitaacha kuuza vitenge pale Birere, hapa Goma. Juzi nikaenda ku mkutano wao mu sale moja ya Himbi. Batu bamevaa kravati na ile joto yote, makofi kila dakika, picha ya gari ku ukuta. Bakanishikisha chuma kidogo mu mukono, waya inaenda ku laptopu, mashine ikasema niko na shida ya prostati. Miye mwanamuke! Bakasema ni juu mutu wa mbele yangu alikuwa mwanaume, basahau kubadilisha.

Makuta ninayo, zamu yangu ya likelemba, ule muchango tunachangiana na kupokea kwa zamu, inafika siku ya posho (jumamosi). Shemeji anajua, njo maana anapiga simu asubuhi na magaribi. Niingie ao niache?

Karto_chini_ya_kitanda
Dada pole. Miye nililipa kupita yako, juu baliniambia nikinunua karto ya pili napanda nivo (ngazi), na ya tatu napanda tena. Nikaleta watu watatu: mama yangu mudogo, jirani, na musichana moja tunaimba naye mu korali. Komisheni ya kwanza ilikuwa dola 22, nikaposti picha kama vile nimekula tombola. Kisha basi. Dawa ya meno tulitumia mwaka muzima nyumba yote pamoja na watoto ya jirani, kahawa yenyewe tarehe yake iliisha ikiwa chini ya kitanda. Makuta ilipotea sawa, nimezoea. Lakini ule musichana wa korali sasa anasimama mwisho kabisa wa mustari, ananisalimia na kichwa tu.

Muzee_wa_Katindo
Binti yangu chukua kalamu. 6, kisha 36, kisha 216, kisha 1.296, endelea tu. Nivo ya 9 ni watu 10.077.696, ya 11 inapita milioni 362. Kongo yote na watoto wachanga ndani haifiki hapo, sasa wale wa chini watamuleta nani, ngagi ya Virunga?

Sisi wa wakati wa Zaire tuliona Bindo kule Kinshasa, 1991. Ile haikuwa hata na kahawa, unaweka makuta unangoja izae. Wa kwanza walilipwa kweli, na makuta ya wale wa nyuma, ndiyo maana watu waliamini, mpaka siku ilianguka.

Hii ya shemeji iko na bidhaa, kwa hiyo siwezi kusema moja kwa moja ni kitu kimoja. Kule Marekani serikali ilishtaki Amway, kampani nayo ya kuuza kwa kuleta watu, na mwaka 1979 uamuzi ukatoka kwamba si piramidi, yaani si mchezo wa kulipa wa juu na makuta ya wale wa chini, sababu walikuwa na masharti: mzigo unaonunua uuze asilimia 70 yake, uwe na wateja 10 wa rejareja kila mwezi, na ule usiouzika unarudishwa. Mwaka 2016 Herbalife, kampani ingine ya namna hiyo, nao wakakubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha namna ya kulipa watu wao, malipo yafuate mauzo ya kweli na si kuandikisha watu. Sasa muombe shemeji mkataba, utafute pale panaandikwa mzigo unarudishwa namna gani. Mimi niliomba kwa mtoto wangu, akaniletea kitabu cha picha za magari.

Mama_Sabuni
Na miye niseme kidogo juu munatutukana wote. Niko ku moja ya hizi kampani mwaka wa 4 na sijaleta hata mutu moja. Nauza sabuni na mafuta ku bamama ya soko, mwezi muzuri nabaki na dola 60, mubaya 15, nimeshatoa makuta ya pikipiki. Bakliya yangu habajui hata kama kuko nivo, banataka sabuni tu. Lakini sikununua karto, nilianza na vipande 5, na kusema kweli nikiuza makala ya kupikia pengine napata vilevile.

Dada fanya hivi, omba shemeji dawa ya meno mbili tu, ingia nayo soko ya Virunga, usitaje kampani, usitaje utajiri, sema bei. Kama mutu mwenye hatafuti namba analipa, kuko biashara. Kama hakuna, basi mwenye kununua ni ninyi kwa ninyi.

Binti_wa_Ndosho
Nimesoma yote, aksanti sana. Nilienda jana na hizo mbili, bei yao dola 8 moja. Mama wa kwanza alifungua akanusa, akauliza kama inaponyesha jino. Wa pili akaniuliza kama niko mzima, ya franka 2.000 iko pale mbele yake. Nikarudi nazo mbili.

Nikaandikia shemeji ku WhatsApp, mwezi uliopita uliuza ngapi ku mutu hayuko mu kampani? Alama bluu mbili tangu saa mbili ya magaribi, hakuna jibu. Mukataba naye anasema banapatia mwenye ameshalipa. Asubuhi njo dada yangu akapiga, nikafikiri anakuja kunitukana, na alianza hivyo kweli, ati navunja nyumba yake. Kisha akatoka inje, nikasikia mlango, akaniuliza sauti ya chini: na ile dola 840 tulishaweka, wanarudishaka?

Muzee, ile ya kurudisha mzigo, inachukua karto yenye imeshafunguliwa?