Mjadala: Mali zilizoachwa ili padri aombee marehemu, na sheria ya 1547. Nani hasa alidhulumiwa?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naleta jambo la zamani ambalo hadi leo likiguswa tu, Wakatoliki na Waprotestanti wanakunjiana sura.

Uingereza, kabla ya Matengenezo ya Kanisa, mtu mwenye uwezo alitenga shamba au nyumba za kupangisha, kodi yake ikamlipa padri. Kazi ya padri huyo ilikuwa kuadhimisha misa kila siku kwa ajili ya roho ya aliyetoa mali, ya mkewe na wazazi wake, na waamini marehemu wote. Padri akifa, anawekwa mwingine. Nia ilikuwa misa zisikatike mpaka mwisho wa dunia. Huo ndio wakfu ninaouzungumzia. Mwaka 1547, chini ya Edward VI, mfalme mtoto, Bunge likazifuta wakfu hizo na mali zikaenda kwa Taji, yaani hazina ya mfalme. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 2,000.

Kila mjadala wa jambo hili huishia kwenye swali kama matajiri walikuwa wananunua mbingu. Mimi nauliza jingine: mwenye mali akishafukiwa, ile mali ilikuwa ya nani? Nasema ilikuwa imeshakuwa ya parokia na ya maskini wake, na hao ndio walioporwa.

Mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Lyon wa 1274 na ule wa Florence wa 1439 ilifundisha kwamba roho zilizoko toharani, yaani zinazotakaswa baada ya kufa kabla ya kuingia mbinguni, husaidiwa na walio hai kwa misa, kwa sala na kwa sadaka. Shikeni hapo kwenye sadaka. Aliyetaka kuombewa ilimpasa atoe, na wa kwanza kupokea alikuwa maskini, kwa sababu dua ya maskini ilihesabiwa kuwa na nguvu. Ndiyo maana misa ya kumbukumbu ya mwaka ilikuja na mkate na pombe kwa watu wa kijiji.

Tazameni Ewelme, kijiji cha Oxfordshire. Mwaka 1437 William de la Pole na mkewe Alice, mjukuu wa mshairi Chaucer, walipata kibali cha mfalme cha kuanzisha nyumba ya wazee maskini 13 na mapadri wawili. Kila mzee alikuwa na chumba chake kuzunguka ua mdogo, kanisa likiwa jirani kabisa, na alipewa posho. Wajibu wao ulikuwa kusali kila siku kwa ajili ya waliowaweka pale. Mmoja wa wale mapadri alifundisha watoto sarufi. Kaburi la Alice bado liko kanisani: juu amelala amechongwa kwa alabasta, amevaa vizuri, mikono imekutana kwa sala, chini, kwenye uwazi wa mawe, amechongwa tena, safari hii ni maiti iliyokauka, mbavu nje, nywele zimeachiwa. Mwanamke aliyekubali kuchongwa hivyo palepale wazee walipokuja kumwombea, siamini kwamba alidhani amekwisha kuinunua mbingu.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Bwana Yesu asifiwe. Mleta mada, umechagua Ewelme kwa sababu inapendeza. Mbona hukuanza na mfalme Henry VII, babu yake Edward? Alipokufa mwaka 1509 aliacha wosia zisomwe misa 10,000 kwa ajili yake, kila moja kwa peni 6, wakati kawaida ilikuwa peni 4. Piga hesabu, pauni ya wakati huo ikiwa peni 240: ni pauni 250. Padri wa wakfu wa kawaida alilipwa kama pauni 5 au 6 kwa mwaka, kwa hiyo mfalme alitumia zaidi ya mshahara wa padri mmoja wa miaka 40 kujiombea mwenyewe. Mkulima aliyekufa wiki hiyohiyo aliombewa na nani?

Na hili halikuanza na Waprotestanti. Mwaka 1395 wafuasi wa John Wyclif, mwanateolojia wa Oxford aliyelikosoa Kanisa, walitoa hoja zao 12 London, na mojawapo ilisema wazi kwamba kumwombea marehemu mmoja kwa jina kuliko wengine ni msingi mbovu wa sadaka, na nyumba zote za maskini za Uingereza zimejengwa juu ya msingi huo. Upendo wa kweli ungewaombea wote sawa.

Waebrania 9:27 inasema mtu hufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Sheria ya 1547 ilisema watu walikuwa hawaujui wokovu kamili katika kifo cha Kristo, wakapotezwa na mambo ya toharani. Wewe unaita uporaji. Mimi naita kuwaondolea watu mzigo ambao Mungu hakuwatwika.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni Mkatoliki, nia za misa naandikisha parokiani kila Novemba, na bado katika hili nampa nusu ya haki ndugu aliyetangulia.

Kilichoniuma niliposoma historia hii ni yaliyotokea baada ya tauni ya 1348 na 1349. Mapadri walikufa wengi, parokia zikabaki tupu, na waliopona wakaona kazi ya wakfu ni nyepesi: hakuna wagonjwa wa kutembelea usiku, hakuna kuungamisha kijiji kizima, ni misa yako kisha unarudi nyumbani. Mwaka 1350 Simon Islip, Askofu Mkuu wa Canterbury, ilibidi aweke kikomo cha malipo yao na kuwakemea waliokataa kuchunga roho za watu. Chaucer anapomsifu padri wake mwema anasema hakuwaacha kondoo wake wamekwama kwenye matope akakimbilia London, Kanisa la Mtakatifu Paulo, kutafuta nafasi ya kuombea wafu. Sifa ya namna hiyo haitolewi mahali ambapo hakuna anayekimbia.

Kwa hiyo mleta mada, marehemu mmoja mwenye shamba aliweza kumvuta padri kutoka kwa walio hai mia tatu. Hiyo nayo ni dhuluma.

Mleta mada

Wakuu, nashukuru, mmeingia na hoja nzito.

Mkuu wa pili, la tauni silipingi. Lakini liangalie katika karne karibu mbili zilizofuata. Wakaguzi wa serikali walipozunguka mwaka 1546 na 1548 kuorodhesha mali hizi, parokia baada ya parokia iliwajibu jambo lilelile: tuna waumini wengi, paroko peke yake hawezi, huyu padri wa wakfu ndiye anayemsaidia kukomunisha watu na kuwaendea wagonjwa. Mahali pengine ndiye aliyeadhimisha misa ya alfajiri, kabla ya jua, ili wasafiri na vibarua waipate kabla ya kazi. Kwa hiyo marehemu mwenye shamba alikuwa amewalipia walio hai padri wa pili.

Mkuu wa kwanza, Henry VII simtetei. Ila kusema maskini hakuwa na wa kumwombea si kweli. Asiyeweza kuweka wakfu peke yake alijiunga na chama. Tuliokulia kwenye vyama vya kuzikana tutauelewa mpango huo haraka: unachanga kidogo kidogo, siku yako ikifika wenzako wanakusindikiza na mishumaa, na padri wa chama anakutaja. Chama cha Msalaba Mtakatifu cha Stratford-upon-Avon kilikuwa na mapadri wake, na pia shule na nyumba za wazee. Sheria ya 1547 ilikifagia pamoja na misa za wafalme.

Mji ule ukakaa mpaka 1553 ndipo ukapata hati ya mfalme na shule ikasimama tena kwa mapato yaleyale ya zamani. Birmingham nayo ikapewa shule mwaka 1552 kwa sehemu ya mali ya chama chake. Zote zikabeba jina la Edward, kana kwamba yeye ndiye aliyetoa.

Mchangiaji wa kwanza

Lakini sheria ilisema mali zigeuzwe ziende kwenye shule, vyuo vikuu na maskini. Na mapadri walilipwa pensheni, hawakutupwa barabarani.

Mleta mada

Pensheni ni kweli, nakubali. Hiyo ahadi ya shule na maskini ndiyo inayoniuma, kwa sababu iliandikwa katika sheria yenyewe. Kilichotokea ni kwamba ardhi nyingi iliuzwa kwa wenye fedha, na serikali ilikuwa na vita na Scotland vya kugharimia. Mwaka 1550 Thomas Lever, Mprotestanti wa kweli, si mtu wa Roma, alilalamika katika mahubiri yake kwamba shule zimeharibiwa kwa jina la mfalme, akaitaja moja ya kaskazini iliyouziwa ardhi yake. Ni Sedbergh, iliyoanzishwa na Roger Lupton kama wakfu wa kuombea roho. Ilifufuliwa baada ya kelele zake. Vijiji ambavyo havikuwa na mhubiri wa kuvisemea mbele ya wakubwa vilipata nini?

Halafu angalia waliosamehewa. Sheria iliacha vyuo vya Oxford na Cambridge, ikaacha shule za Eton na Winchester na kanisa la Windsor. Chuo cha All Souls kilianzishwa mwaka 1438 kumwombea Henry V na waliokufa katika vita vya Ufaransa, yaani ni wakfu wa kuombea wafu hasa. Misa zikakoma, ardhi yake haikuguswa, na chuo kipo mpaka leo. Ewelme nayo ilinusurika, wazee bado wanaishi kwenye majengo yaleyale. Kumbe iliwezekana kubadili sala na kuacha mkate. Kwa wenye majina iliwezekana, kwa padri wa kijijini anayefundisha watoto 20 ikashindikana.

Na Henry VIII, baba yake Edward, aliyepitisha sheria ya kwanza ya kuzichukua wakfu hizi mwaka 1545, alikufa Januari 1547 akiwa ameagiza mapadri wasome misa za roho yake Windsor, kwenye altare karibu na kaburi lake.

Mkuu, toharani tutabishana mpaka kesho na sikutegemei uikubali. Naomba unijibu hili moja: kama hoja ilikuwa imani potofu, kwa nini hawakuweka mwalimu kwanza kwenye kila kijiji kisha ndipo wakauza shamba?