Nikimsomea ami gazeti, je, nina haki ya kuruka habari?

Mkaazi wa Kuze anauliza:

Assalam aleikum ndugu zangu. Ninaishi Mji wa Kale wa Mombasa pamoja na ami yangu, mdogo wa marehemu baba, ambaye presha ya macho ilimnyima uwezo wa kusoma miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya kahawa, humsomea Taifa Leo barazani, yeye akiwa ameegemea mlango na mimi nimeupa mgongo mwanga ili uangukie karatasi. Niliianza kazi hii kama khidma ya kawaida ya mtoto kwa mzee wake, wala sikudhani kwamba ingenifikisha mahali pa kuomba ushauri.

Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nikichagua. Ajali za barabarani huziruka, kwa sababu ami alifiwa na mwanawe katika barabara ya Malindi, na habari za namna hiyo humnyamazisha hadi adhuhuri. Matangazo ya vifo nayo huyapita, kwani ni nadra kuwa ya watu wetu: maiti wetu huzikwa siku ile ile, na habari hutangazwa msikitini kabla gazeti halijachapwa. Habari za uchumi huzifupisha kwa maneno yangu. Ama minada na ilani za ardhi, hizo sijawahi kumsomea hata siku moja.

Juma lililopita nilikuwa nikimsomea shairi. Ami alitunga sana ujanani, na hadi leo husikiliza shairi kwa mkono: kidole gumba hupita juu ya vifundo vya vidole vingine, taratibu, kikihesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo. Nilipofika mshororo wa tatu wa ubeti wa pili, kidole kilisimama. "Utao una saba," akasema, akimaanisha nusu ya pili ya mshororo. Nikarudi kutazama, nikakuta mshairi ametimiza nane zake kama ilivyo ada, na mimi ndiye niliyemeza neno "na" kwa haraka. Ami akatulia kidogo, kisha akaniuliza: "Shairi lina mizani, ukila moja nakushika. Habari hazina mizani. Humo unakula ngapi?"

Sikuwa na jibu, na hata sasa sinalo. Ninaomba walio na uzoefu wanieleze: anayemsomea mwenziwe ana haki ya kuruka, ikiwa nia yake ni kumpunguzia mzee machungu?

Mwalimu Mstaafu wa Tudor anajibu:

Mwanangu, waalaikum salaam. Usijilaumu kupita kiasi, kwani simjui mtu anayelisoma gazeti lote. Mimi mwenye macho yangu mawili huanza nyuma, penye michezo, halafu hurudi mbele nikiwa nimekwisha kupoa. Na hapo penyewe sisi wa Mombasa tumezoea kupewa pungufu: kwa miaka mingi magazeti yalichapwa Nairobi na kuletwa kwa gari usiku kucha, takriban kilomita 480, kwa hivyo mechi ya Ulaya iliyomalizika usiku wa manane tuliisoma siku ya pili yake, wakati hata watoto walikuwa wamekwisha kuisahau. Ajabu ni kwamba gazeti la The Standard lenyewe lilizaliwa hapa kwetu mwaka 1902, mikononi mwa mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, likahamia Nairobi mwaka 1910. Tulilipeleka, kisha tukakaa kulingojea.

Ninachotaka kusema ni kwamba habari huwa zimekwisha kurukwa kabla hazijafika barazani kwenu. Mwandishi ameacha mengine, mhariri amepunguza, na pengine tangazo lililolipiwa dakika za mwisho limesukuma aya mbili nje ya ukurasa. Wewe ni mchujaji wa nne au wa tano. Lakini mhariri hamjui ami yako, naye ami yako anajua kwamba mhariri anachagua, kwa hivyo hulisikiliza gazeti kwa tahadhari. Kwako wewe alikuwa hana tahadhari yoyote, na hapo ndipo ninapoona uzito wa swali lake.

Babu yangu hakujua kusoma herufi za Kizungu, na magazeti aliyasikiliza tu maisha yake yote. Mji huu ni wa watu wa aina hiyo tangu zamani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, miaka kabla hajawa Kadhi Mkuu, bila shaka wapo waliosikia maneno yake bila kuyaona, kwa sababu msomaji mmoja katika baraza aliwatosha watu kumi. Msomaji huyo alikuwa akiaminiwa kama imamu, na akikosea hurudishwa papo hapo. Ami yako amekurudisha, nawe shukuru kwamba ana masikio mazuri.

Bi wa Majengo anajibu:

Mimi sitazungumza kuhusu ajali, kila nyumba ina jeraha lake. Nitazungumza kuhusu zile ilani ambazo hujawahi kumsomea.

Nyumba yangu ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi hapa Mombasa. Kuta na paa ni vyangu, udongo ulio chini ni wa mtu mwingine, naye hulipwa kodi ya kiwanja. Mwaka fulani nilinunua viazi karai magharibi, nikafungiwa katika kipande cha gazeti. Nilipokuwa nikikikunja ili nikitupe, nikaona orodha ya viwanja vinavyopigwa mnada. Mafuta yalikuwa yamekwisha kula tarakimu ya mwisho, lakini zilizobaki nilizijua kwa sababu nimeziona katika risiti zangu miaka mingi. Nikaileta risiti, nikailaza kando ya kile kipande chenye pilipili, nikasoma tarakimu moja moja kwa kidole. Ilikuwa ni sisi. Ilani ilitaja nambari ya kiwanja na jina la mwenye ardhi, mtu ambaye wengi wetu hatujapata kumwona kwa macho, lakini haikutaja kwamba juu ya kiwanja hicho wamejenga watu na wanalala humo na watoto wao. Gazeti lilikuwa la siku nane nyuma na mnada ulikuwa umebakisha siku sita. Tulimwahi wakili, na kesi ingali mahakamani.

Mirathi nayo ni vivyo hivyo. Maombi ya kusimamia mali ya marehemu hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Siku hizo hazimngojei aliyekuwa akisomewa habari za kufurahisha. Ami yako ni mtu wa Mji wa Kale, na huenda ana sehemu yake katika nyumba au shamba la wazee ambalo wewe hulijui. Utajuaje kwamba nambari unayoipita haimhusu?

Muuza Magazeti wa Mwembe Tayari anajibu:

Shikamoo Bi wa Majengo, umesema kweli, ingawa mimi namtetea kijana kidogo. Nimeuza magazeti miaka mingi na nimeona wateja wangu wanavyosoma. Yuko mzee hunilipa shilingi chache asome hapa hapa akiwa amesimama, kisha hunirudishia gazeti limekunjwa vizuri kuliko nilivyompa. Huyo hatazami kitu ila nafasi za kazi, na anamtazamia mwanawe. Kuruka si dhambi. Dhambi ni kuruka kwa ajili ya mtu mwingine bila yeye kujua.

Neno moja lililoachwa lina madhara pia. Ramadhani moja jirani yangu alisomewa saa za kufuturu, na msomaji hakutaja kwamba zilikuwa za Nairobi. Jua hapa hutua kama dakika kumi na moja kabla ya huko. Maskini alikaa na tende mkononi, adhana imekwisha, akiwaambia watu kwamba muadhini amekosea.

Rai yangu ni hii: msomee ami kichwa cha kila habari, chochote kiwacho, kisha yeye aamue.

Mkaazi wa Kuze anaongeza:

Nawashukuru nyote, na Mwalimu nakushukuru zaidi kwa kunirudi kwa upole. Jana nilimkiria ami kila nilichokuwa nikikiruka, na ajali nilizitaja pia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba la ajali alilijua tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu hakuna gazeti la Kenya linalopitisha juma zima bila ajali.

Leo tumefuata rai ya muuza magazeti. Ninasoma kichwa, naye husema "soma" au "pita". Siasa alizipita kurasa tatu mfululizo bila hata kugeuza shingo. Tulipofika kwenye ajali ya lori akasema "soma", nikasoma yote, majina na umri, na hakusema kitu. Kisha akataka minada. Nimemsomea viwanja kumi na vinne, nambari kwa nambari, na kidole gumba kilikuwa kikipita juu ya vifundo muda wote.