Kuinua Prado: springi, tairi au vyote?

Mkulima, Kongwa: Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Prado yangu hugusa chini kila ninapovuka makorongo ya mchanga kuelekea shambani, nami ninakusudia kuiinua springi kwa milimita 50 na kubadili tairi za 265/70R17 kuwa 285/70R17, ambazo ni kubwa zaidi. Je, vyote vinahitajika?

Fundi, Dodoma mjini: Springi huinua bodi tu; difu ya nyuma (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), iliyo kwenye ekseli, huinuliwa na tairi peke yake, nayo kwa saizi hiyo utapata milimita 14 pekee. Badili pia shokapu, kisha magurudumu ya mbele yapimwe alaimenti (yaani yanyooshwe sawasawa), la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Dereva, Kondoa: Kwa tairi hizo, mita ya spidi iliyokuwa sahihi ikionyesha 100, utakuwa unakwenda zaidi ya 103. Mchangani, anza kwa kupunguza upepo wa tairi.