Bunge na Seneti wakivutania pesa za kaunti, mbona tunaoumia ni sisi?

nesi_wa_zamu:
Jamani nisaidieni. Niko hospitali ya kaunti, gani siitaji, na karibu kila mwaka Julai ikifika tunaambiwa pesa hazijatoka Nairobi juu Bunge la Taifa na Seneti hawajaelewana, mshahara unachelewa, glavu zinaisha mgonjwa anatumwa famasi akanunue, mwenye nyumba naye hataki kusikia hadithi za mswada. Kwani hakuna dedlaini?

MzeeWaKatiba:
Iko, ila haina meno. Mswada wa ugavi wa mapato, ule wa kugawa pesa kati ya serikali kuu na kaunti, lazima upite kote kuwili, wakikataana inaundwa kamati ya upatanishi, idadi sawa kila upande, siku 30, ikishindwa mswada umekufa mnaanza upya. 2019 ndio ilikuwa noma, wabunge wanasema kaunti zipewe bilioni 310, maseneta 335, kamati ikagonga mwamba, magavana wakiongozwa na Oparanya, mwenyekiti wa baraza lao wakati huo, wakaandamana mpaka Mahakama ya Juu, suluhu ikaja Septemba kwa 316.5 na mwaka wa fedha ulianza zamani.
Na sasa skiza, serikali kuu haikukauka. Kifungu 222 cha katiba kinaruhusu Bunge la Taifa kuipa hadi nusu ya bajeti ikisubiri sheria. Sasa mbunge aharakishe ya nini na moto hauko kwake? Marekani angalau wakigomeana ni serikali kuu yenyewe inafungwa, ile ya ukuta wa Trump ilienda siku 35 mpaka wakalegeza wenyewe. Mahakama ya Juu ilishasema 2020 kaunti nazo zinaweza kupewa nusu wakikwama, lakini wee!

Halima_K:
Pole sana dada. Ila tusilaumu Seneti tu, kuvutana kuna faida. 2024 vijana walipoangusha Mswada wa Fedha, serikali ikataka kaunti zishuke kutoka bilioni 400.1 hadi 380, Seneti ikakaza ikaishia 387. Bilioni saba hizo, mngepata wapi?

bodaboda_msomi:
Nyote mnawasahau Hazina ya Taifa, wanaotuma pesa zenyewe. Mswada unaweza kupita vizuri, rais anatia saini, picha zinapigwa, na bado mgao wa mwezi hautumwi, na katiba inasema zitumwe bila kucheleweshwa. Halafu kuna magavana pesa zimeshaingia kwa akaunti na bado wanawaambia "tunangoja Nairobi". Sista, waambie viongozi wa chama chenu waitishe barua, kaunti yenu imepokea mgao wa mwisho wa mwezi upi na lini.