Chumvi ipi kwa tangi la lita 200? Ndoo ya bluu au nyeusi?

uduvi_mweupe:
Habari wadau. Nimesoma mpaka kichwa kinauma, naomba mnisaidie. Nina tangi la maji chumvi la lita 200, lina miezi 7 sasa, ndani kuna samaki klauni wawili, uduvi msafishaji mmoja, matumbawe laini ya zoa na uyoga, na wiki mbili zilizopita nimeweka kipande kidogo cha yufilia, ndio matumbawe magumu yangu ya kwanza na naliogopa kama mtoto mchanga. Tangu nianze natumia chumvi ya Instant Ocean ya kawaida, ndoo inaelekea kuisha nikasema sasa hivi nihamie Red Sea, nakuta kuna ndoo mbili, ya bluu na ile nyeusi ya Coral Pro. Kila ninayemuuliza anasema nyeusi ndio ya matumbawe, basi. Vipimo vya tangi: alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia asidi) 8.2, kalsiamu 410, chumvi 35 (gramu kwa kilo ya maji). Nabadilisha lita 20 kila wiki. Ninunue ipi?

fundi_skima:
Mkuu hilo jina la ndoo lisikutishe. Chumvi zote hizo ukizifikisha 35 zina sodiamu, kloridi na salfeti karibu sawasawa, kinachozitofautisha sana kwa mtu wa nyumbani ni alkaliniti, halafu kalsiamu na magnesiamu. Maji ya bahari yenyewe yako karibu 7 dKH, yaani digrii za alkaliniti. Ndoo ya bluu inakuja kama 8, nyeusi kama 12. Hiyo nyeusi imetengenezwa kwa watu wenye matumbawe magumu mengi yanayokula kalsiamu na alkaliniti kila siku, kwa hiyo maji mapya yanarudisha kilicholiwa. Wewe una kipande kimoja cha yufilia, hakuna anayekula kiasi hicho humo ndani. Tangi lako liko 8.2, chukua chumvi inayokaribia 8.2. Mimi ningechukua bluu.

mama_zoa:
Mimi natumia hiyo nyeusi mwaka wa nne, tangi limejaa matumbawe laini na sijawahi kupata shida, kwa hiyo tusimtishe mwenzetu. Hesabu ni nyepesi, ukibadilisha asilimia 10 na maji mapya yako 12 wakati tangi liko 8, tangi linapanda 0.4 tu. Hakuna tumbawe litakalokasirika kwa 0.4.

fundi_skima:
Sawa dada nakubali kwa asilimia 10. Lakini siku moja mtu anapata dharura, amonia imepanda au kuna kitu kimeoza nyuma ya jiwe, anabadilisha nusu ya tangi kwa mpigo, hapo inatoka 8 inafika 10 ndani ya nusu saa. Hilo lilinikuta mimi na akropora zangu, matumbawe magumu yenye matawi, ncha zote zikawa nyeupe kama zimechovywa kwenye chokaa, baada ya siku chache ngozi ikaanza kuvuliwa kuanzia juu kushuka chini. Nilipoteza vipande vitano ambavyo nilivilea tangu vikiwa ukubwa wa kidole gumba. Ndio maana nasema maji mapya yafanane na tangi, ili hata siku ya dharura uweze kubadilisha mengi bila kuwaza.

pezi_refu:
Samahani naingilia, kuna kitu hakijakaa sawa hapo juu na naona kimepitwa. Instant Ocean huwa inakuja karibu 11. @uduvi_mweupe wewe unaitumia miezi 7 na tangi liko 8.2, na kwa vitu ulivyonavyo hakuna cha kula tofauti yote hiyo. Umewahi kupima maji mapya YENYEWE kabla hayajaingia kwenye tangi? Na unachanganyaje, tueleze kuanzia mwanzo.

uduvi_mweupe:
Sijawahi kuyapima mkuu, napima chumvi tu. Ninavyochanganya, naweka chumvi kwenye ndoo, namimina maji ya RO (yaliyochujwa mpaka yakawa matupu) juu yake mpaka lita 20, nakoroga na mwiko, naweka hita na pampu ndogo, naacha mpaka kesho yake. Asubuhi maji yanakuwa meupe meupe kidogo na chini ya ndoo kuna ukoko, huwa nausugua na brashi. Nilidhani ni uchafu wa chumvi.

pezi_refu:
Ndio hapo penyewe! Huo ukoko sio uchafu, ni kalsiamu na alkaliniti yako zimeshikana zikawa chokaa. Ukimimina maji juu ya chumvi, yale maji ya kwanza yanakuwa makali mno, kalsiamu na kabonati zinakutana zikiwa zimesongamana na zinaganda papo hapo, na zikishaganda hata ukoroge wiki nzima hazirudi. Na joto linazidisha. Geuza mpangilio: maji kwanza, pampu iwe inazunguka kwa nguvu, ndipo unyunyize chumvi kidogo kidogo huku ukiangalia inayeyuka. Hita iwashe mwisho, ifike 25 inatosha. Kwa lita 20 anza na gramu 700 hivi za mizani, usitumie kikombe, pima, ongeza mpaka ufike 35. Na kabla hujachota, funga ndoo ya chumvi vizuri uibiringishe sakafuni mara kadhaa, maana ikisafirishwa chembe nzito na nyepesi zinajitenga, ukichota juu tu unapata chumvi tofauti na ya chini.

mama_zoa:
Na rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, isahihishe kwa kimiminika cha 35, sio maji matupu peke yake. Yangu ilikuwa inasoma 0 vizuri kabisa kwenye maji ya RO, kumbe kwenye 35 inadanganya.

uduvi_mweupe:
Nimerudi wadau. Jana nilipima yale maji ya kizamani yaliyobaki kwenye ndoo, alkaliniti 8.5. Leo nimechanganya kama mlivyosema, nikasimama hapo hapo nanyunyiza kwa mkono, ukungu ukatanda kisha ndani ya saa moja maji yakawa angavu mpaka naona alama za lita zilizochapwa chini ya ndoo. Ukoko hakuna. Nimepima mara mbili: 10.9! Sasa naogopa kuyaweka.

fundi_skima:
Usiogope. Lita 20 kwa 200, 10.9 juu ya 8.2, unapanda chini ya 0.3. Weka polepole, halafu pima tena kesho na keshokutwa. Malizia ndoo uliyonayo kwa mwendo huo huo wa lita 20, ila ukipata dharura usizidishe hapo bila kupima kwanza. Ndoo ikiisha chukua bluu.

uduvi_mweupe:
Nimeweka. Yufilia amejikunja kama dakika kumi hivi, sasa hivi mikono yote iko nje.